Mtoto anaongea kutwa nzima, ila akishika penseli anaandika mistari minne tu: nifanyeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka saba na nusu, yuko darasa la pili. Huyu mtoto ni mwongeaji, akirudi shule ananisimulia mpaka namwambia pumua kwanza baba. Ila akiambiwa aandike, tuseme homuweki ya "Wikendi yangu", anakaa nusu saa halafu ananiletea: "Niliamka. Nikapiga mswaki. Nikacheza. Nikalala." Basi, kamaliza. Nilimnunulia daftari zuri la kuandika mambo yake ya kila siku, nikamwambia kila siku ukurasa mmoja, siku ya nne akaanza kulia akiliona tu. Namsahihisha makosa ili ajue, nimemuahidi mpaka zawadi, wapi. Hana kipaji au mimi ndo nakosea? Na ana mdogo wake wa miaka minne na nusu anayechorachora tu halafu anasema "naandika", huyo nimuanzishe au nisubiri?

Marahaba mama, na asante kwa kuiweka ile homuweki kama ilivyo maana jibu langu karibu lote limo mle ndani. Hebu isome tena taratibu. Sentensi nne, hamna kosa hata moja la herufi, nukta zote zimekaa mahali pake. Mi hapo simuoni mtoto asiye na kipaji, namuona mtoto mjanja ambaye ameshaujua mchezo, kwamba watu wazima wanatafuta makosa, na njia rahisi ya kutokosea ni kutosema kitu. Angeandika kwamba aligombana na mwenzake kisa nani apande baiskeli kwanza angelazimika kuandika "tuligombana" na "baiskeli", na huko anaweza akachapia, kwa hiyo bora "nikacheza" yaishe.

Halafu kuna kitu kingine ambacho sisi wakubwa hatukioni kabisa. Hiyo wikendi anamwandikia nani? Wewe ulikuwepo. Ulimwamsha we mwenyewe, mswaki umempa wewe, ulimuona akicheza. Sasa mtu akikuambia nisimulie kitu ambacho nilikiona kwa macho yangu utaanzia wapi, hata mtu mzima angebaki anakodoa. Na mwalimu wake naye ana rundo zima la madaftari, anapiga tiki anaenda kwa mwingine. Yaani mtoto anaandika barua isiyo na wa kuipokea ndo maana inatoka kavu vile. Akirudi shule anakusimulia bila kupumua kwa sababu shuleni hukuwepo, unataka kujua, na anaona usoni kwako kwamba unataka kujua. Hicho ndo kinakosekana kwenye karatasi. Mengine yote nitakayoongea hapa yanazunguka hapo hapo, kwamba mtoto anahitaji mtu wa kumsoma kabla hajahitaji mtu wa kumsahihisha.

Tuanze na hii "wikendi" yenyewe maana ni mada mbaya sana na inatolewa kila mahali. Siku mbili nzima! Mtoto wa miaka saba hawezi kuchagua nini kiingie nini kibaki, kwa hiyo anafanya anachoweza, anaenda kwa mpangilio wa saa kuanzia kuamka mpaka kulala, na kwa kuwa safari ni ndefu kila kituo kinapata sentensi moja. Wewe mpunguzie. Usimwambie aandike siku yake, mwambie aandike dakika tano za siku yake. Pale kiatu kilipokatika mkanda katikati ya njia. Pale jino lilipotoka akakaribia kulimeza. Pale paka alipojificha chini ya kitanda akakataa kutoka mpaka giza likaingia. Kitu kidogo kiasi hicho kina mwanzo, kina kilichofuata, kina mwisho, na mtoto anaweza kukishika chote kichwani kwa wakati mmoja bila kupotea njiani.

Na kabla ya penseli kuna maongezi. Hapa nakaa kidogo maana ndo wengi tunaruka. Tunamwita mtoto, "ilikuwaje leo shule?", anajibu "nzuri", tunasema haya kaandike. Kaandike nini sasa? Swali pana linapata jibu pana. Jaribu kuuliza kitu kinachoshikika: nani alicheka leo mpaka akashindwa kujizuia, kuna kitu kilipotea, ulikaa karibu na nani na kwa nini siyo yule wa jana. Akikupa uzi uvute polepole. Mi nimewahi kukaa na mtoto aliyeniambia hana cha kuandika, tukaongea hivi:

"Nimeona una plasta kwenye goti."
"Nilianguka."
"Ulianguka wapi?"
"Kwenye ngazi. Ila sikulia."
"Hukulia hata kidogo?"
"Nilitaka kulia ila nikamuona yule mkubwa ananiangalia, nikajifanya natafuta kitu chini."

Sasa mama, hiyo sentensi ya mwisho ukimpa mwandishi mkubwa aliyekomaa ataitamani. Ilikuwa kichwani mwa mtoto muda wote, ila asingeitoa kwa swali la "ilikuwaje leo". Nikamwambia hiyo hiyo, kama ulivyoisema, iandike. Akaniangalia kama namtania, eti hiyo nayo inaandikwa? Hakuamini kwamba kujifanya unatafuta kitu chini ni habari. Watoto wengi wanaamini kinachoandikwa ni safari, sherehe na sikukuu, na kama hamjaenda popote basi hawana maisha.

Haya ya maongezi siyo mawazo yangu tu. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Robyn Fivush, na wenzake wamefuatilia kwa miaka mingi jinsi wazazi wanavyoongea na watoto wadogo kuhusu mambo yaliyopita. Wapo wazazi wanaouliza maswali ya wazi na kuongezea juu ya alichosema mtoto, halafu wapo wanaorudia swali lile lile mpaka mtoto atoe jibu wanalolitaka wao. Wale wa kundi la kwanza watoto wao baadaye ndo wanasimulia maisha yao kwa kina zaidi, wanataja nani, wapi, na walijisikiaje. Sasa zingatia, hao watoto wengine walikuwa hawajaanza hata shule. Kwa hiyo uandishi wa darasa la pili unaanza kujengwa mezani na kitandani kabla mtoto hajaijua herufi a.

Tatizo lingine la mwanao huenda liko kwenye vidole. Sisi tumesahau jinsi kuandika kwa mkono kulivyokuwa kazi ngumu. Mtoto wa miaka saba anawaza b inaangalia upande gani, anawaza nafasi kati ya neno na neno, anawaza mstari usipande juu, mkono unauma, na katikati ya yote hayo anatakiwa akumbuke alikuwa anataka kusema nini. Akimaliza kuandika "kiatu" sentensi imeshamtoroka. Kichwa kina nafasi ndogo na yote imechukuliwa na herufi. Kumpima ni rahisi, mwambie akusimulie tukio moja huku simu inarekodi, halafu siku nyingine aliandike tukio la aina hiyo hiyo. Kama simulizi la mdomo ni tamu na la karatasi ni mifupa mitupu, stori anazo, shida iko kwenye mkono, na mkono unakua tu kwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara. Ukurasa mzima kila siku kwa mtoto huyo ni adhabu, samahani kusema hivyo ila ndo ilivyo, ndo maana akalia siku ya nne.

Kwa hiyo mkopeshe mkono wako. Yeye anasema we unaandika, neno kwa neno kama anavyosema, usimrekebishie. Akisema "paka alikuwa amekasirika hadi masikio" andika "amekasirika hadi masikio". Andika sentensi tatu zake, ya nne mpe penseli amalizie mwenyewe. Kesho andika mbili yeye aandike mbili. Kuna walimu wenzangu wanasema huko ni kumdekeza, kwamba mtoto hatajifunza kama anaandikiwa. Mi sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto anapoona maneno ya mdomo wake yanashuka kwenye karatasi na kesho yanasomeka vile vile, ameelewa kitu ambacho mazoezi mia ya kunakili ubaoni hayampi. Kuchora kwanza pia kunasaidia sana, achore lile tukio, halafu maneno yaje kueleza picha, maana picha inamtunzia stori wakati yeye anapambana na herufi. Dakika kumi zinatosha. Akitaka kuendelea aendelee, ila wewe uwe wa kwanza kusema leo inatosha, bora aache bado ana hamu.

Sasa makosa, na hapa najua tutabishana. Mwaka 1971 mtaalamu wa isimu wa Marekani anaitwa Charles Read alichapisha utafiti kuhusu watoto ambao hawajaanza shule waliokuwa wanajiandikia maneno kwa akili zao. Neno la Kiingereza la treni, "train", wao waliliandika "chran". Mtu mzima anaona kosa. Read akaona hapana, sikiliza vizuri, Mmarekani akilitamka lile neno mwanzo wake kweli unakaribia sauti ya "ch", mtoto ameandika alichosikia, sisi ndo tumezoea tahajia mpaka hatusikii tena. Makosa ya watoto yalikuwa na mantiki yake na watoto tofauti, wasiojuana, walifika kwenye makosa yale yale. Tangu hapo wanaofuatilia mambo haya wanayasoma makosa ya mtoto kama daktari anavyosoma kipimo, yanakuambia amefika wapi.

Na sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo hatuitumii. Kiswahili unaandika karibu kama unavyotamka, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi anaweza kuandika karibu neno lolote alilonalo mdomoni hata kama hajawahi kuliona limeandikwa. Mwenzake wa Kiingereza hana uhuru huo. Makosa ya wetu yanajulikana, anadondosha m au n mbele ya konsonanti, "mbwa" inakuwa "bwa", anachanganya r na l, ng' inamsumbua, anaunganisha maneno. "Kwasababu" hata watu wazima wanaiandika pamoja kila siku kwenye meseji na dunia haijapinduka. Yote hayo yanaeleweka ukisoma kwa sauti. Na kama nyumbani mnaongea lugha nyingine tofauti na ya shule, mambo ya nyumbani aanze kuyaandika kwa hiyo ya nyumbani, au achanganye, maana ugomvi uliotokea kwa lugha moja kuuandika kwa lugha nyingine ni kazi mbili kwa mpigo.

Sisemi usisahihishe milele, jamani msinielewe vibaya. Nasema usisahihishe kwanza. Akikuletea karatasi mjibu alichosema. "Kwa hiyo paka alikaa huko mpaka saa ngapi?" Cheka panapochekesha. Muulize kitu kimoja ambacho hukukielewa, halafu mwache aongeze mwenyewe kama anataka, na mara nyingi ataongeza maana umemuuliza kama msomaji. Makosa weka akilini mwako, ukiona "bwa" imejirudia kesho mchezeni mchezo wa maneno ya mb na nd, bila kuihusisha na stori yake. Ile kalamu nyekundu mpe likizo. Daftari la mambo yake lisiguswe kabisa, hata kwa penseli, hata kwa nia njema.

Sasa kuna maandishi yanayotakiwa yawe safi, nayo ni yale yanayokwenda kwa mtu. Na hapo mtoto mwenyewe ndo anaomba kusahihishwa. Kuna mwalimu mmoja Mfaransa, Célestin Freinet, aliumia mapafu kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi kufundisha kwenye shule ndogo ya kijijini, Bar-sur-Loup, hana pumzi ya kusimama kutwa anahutubia darasa. Akawa anatoka na watoto wanatembea, wanaangalia mafundi, mashamba, wadudu, wakirudi wanaongea na kuandika walichoona. Mwaka 1924 akaingiza mashine ndogo ya kuchapa darasani. Watoto wanaandika maisha yao, darasa linachagua andiko, wanalisahihisha pamoja, wanapanga herufi moja moja kwa mikono yao, wanachapa, na baadaye wakawa wanabadilishana kurasa na shule ya mbali ambako watoto wa huko hawajui chochote kuhusu kijiji chao. Umeona? Mtoto wa mbali hajui, kwa hiyo lazima umweleze, na lazima aelewe, kwa hiyo lazima tahajia ikae sawa. Kitu ambacho mwalimu angekipigania mwaka mzima kwa kalamu nyekundu kilikuja chenyewe.

We mashine ya kuchapa huna na huihitaji. Una shangazi aliye mbali, au babu, au binamu wa rika lake aliyehama. Mtafute mmoja tu, mwenye subira, mwambie pembeni: mtoto atakuandikia, tafadhali mjibu, na kwenye jibu muulize swali moja. Barua ya karatasi ukiipiga picha na simu ukaituma inatosha, ila jibu lije la kuandikwa na siyo emoji ya dole gumba. Nakuhakikishia mtoto akiulizwa na bibi yake "sasa huyo paka anaitwa nani na kwa nini alikasirika?" ataandika zaidi ya mistari minne, kwa sababu bibi hajui na anataka kujua. Kama hakuna mtu kama huyo, muwe na daftari la kujibizana wewe na yeye, yeye anaandika leo analiweka chini ya mto wako, we unajibu usiku unalirudisha chini ya mto wake. Sharti ni moja, na wewe uandike ya kwako. Siyo mawaidha! Uandike kwamba leo ulisahau funguo ukasimama mlangoni unajicheka. Mtoto hajawahi kuona mtu mzima akiandika kuhusu jambo dogo, anatuona tukiandika orodha na kujaza fomu, atajuaje kwamba inafanyika?

Zawadi. Naomba uziache, na hapa naongea kama mtenda dhambi. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilibandika nyota, ukurasa mmoja nyota moja, nikajiona mbunifu kweli. Ndani ya wiki mbili watoto wangu walikuwa wanaandika herufi kubwa kama matikiti ili ukurasa ujae haraka, na mmoja alinijazia mistari mitano ya "nilifurahi sana sana sana sana". Nilicheka ila nililia pia. Baadaye ndo nikasoma jaribio la mwaka 1973 la Lepper, Greene na Nisbett, wanasaikolojia wa Marekani. Walichukua watoto wadogo waliokuwa wanapenda wenyewe kuchora na kalamu za rangi. Kundi moja likaahidiwa cheti kizuri wakichora, jingine likapewa cheti kwa kushtukizwa baada ya kuchora, jingine halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye wakaziacha zile kalamu mezani bila kumwambia mtu chochote. Wale walioahidiwa ndo waliozishika kidogo zaidi, wengine waliendelea kama kawaida. Yaani ahadi iligeuza mchezo kuwa kibarua, na kibarua bila malipo nani anakitaka. Kumbuka pia waliochora kwa ajili ya cheti kazi zao zilipungua ubora, ndo zile "sana sana sana" zangu.

Kuna jambo jingine wazazi wananiuliza kwa kunong'ona. "Mwalimu, mbona anaandika mambo mabaya tu?" Anaandika ugomvi wenu, anaandika anamchukia mdogo wake, anaandika anaogopa chooni usiku. Mama, hayo ndo mambo yake. Kule New Zealand kulikuwa na mwalimu, Sylvia Ashton-Warner, alifundisha watoto wadogo wa Kimaori. Asubuhi alikuwa anamuuliza kila mtoto anataka neno gani leo, analiandika kwenye kadi kubwa, mtoto anaondoka nalo. Akagundua maneno yaliyobeba hofu au upendo, kama mzimu au busu, mtoto anayashika kwa kuyaona mara moja tu, wakati maneno matulivu ya kwenye vitabu vya kusomea yanamtoka kila kukicha. Kwa hiyo ukimwambia mwanao "usiandike hivyo, andika mambo mazuri", umemnyang'anya maneno yenye moto na kumwachia "nilifurahi sana". Ataandika "mama na baba walipiga kelele jana", meza mate, mjibu kama msomaji: "na wewe ulikuwa wapi? ulijisikiaje?" Akiandika anamchukia mdogo wake siyo kesi, kesho atakuwa anamfundisha kuruka kamba.

Ila kama ameandika kitu kinachokutisha kweli, kwamba kuna mtu anamuumiza, anamgusa, au anaogopa kwenda mahali fulani kwa sababu ya mtu fulani, hapo acha uandishi kabisa. Kaa naye, usimhoji kama polisi, usimwekee maneno mdomoni, mwamini, mwambie amefanya vizuri kusema, usimuahidi kwamba itakuwa siri, na utafute msaada siku hiyo hiyo kwa watu wenye jukumu la kulinda watoto huko uliko.

Na akitaka daftari la siri mpe, usilifungue. Najua mkono utawasha. Mkubaliane tangu mwanzo, hili la siri sisomi, lile la kujibizana nasoma. Ukichungulia mara moja akagundua, na watoto wanagundua, utakuwa umemrudisha kwenye "niliamka nikapiga mswaki" kwa miaka.

Kompyuta na simu: kama mkono ndo unamzuia aandike tu kwa kubonyeza, haina shida, ila zima ile inayokisia maneno maana itamuandikia stori ya mtu mwingine.

Homuweki za shule nazo hazitaisha, wikendi ijayo itakuja "Wikendi yangu" nyingine na wanataka mistari kumi. Usigombane na mwalimu wake. Kaa na mtoto dakika tano, muulize kwenye wikendi yote kuna wakati gani angependa urudi, au asingependa kabisa urudi. Ataje mmoja. Akusimulie mara mbili, ya kwanza itatoka ovyo, ya pili itakuwa imejipanga. Halafu muulize sentensi ya kwanza itakuwa ipi. Kama ni "niliamka" mwambie ruka, anzia pale penyewe: "Jumamosi kiatu changu kilikatika." Mistari kumi itapatikana hapo bila mtu kulia, na mwalimu atafurahi maana naye amechoka na miswaki.

Kuhusu lile daftari zuri, ningekuwa mimi ningeliweka kabatini mwezi mzima. Limeshachukua sura ya adhabu. Na madaftari mazuri yana ubaya wake, mtoto anaogopa kuliharibu. Tumia karatasi za upande mmoja, bahasha zilizotumika, chochote kisicho na heshima. Siku akikuuliza "lile daftari liko wapi?" mpe.

Na huyo mdogo wa miaka minne na nusu usimsubirishe, ila usimuanzishe pia, kwa sababu ameshaanza. Watafiti wawili, Emilia Ferreiro na Ana Teberosky, waliwachunguza watoto wa umri huo huo waliokuwa hawajui kusoma, kitabu chao kikatoka mwaka 1979, wakakuta kila mtoto ana nadharia yake kichwani kuhusu maandishi. Wengi walikataa kwamba herufi mbili zinaweza kuwa neno, walitaka angalau tatu. Wapo waliosema kitu kikubwa lazima kiandikwe kwa herufi nyingi kuliko kidogo, yaani neno la dubu liwe refu kuliko la bata, ukifikiria siyo ujinga hata kidogo. Kwa hiyo akikuambia "naandika" anaandika kweli, kwa sheria zake. Usimkalishe na a-e-i-o-u kwa fimbo ya macho. Mpe penseli nene, karatasi, na jina lake aone likiandikwa kwenye vitu vyake. Akikuletea karatasi imejaa mistari ya kuzungukazunguka usimuulize "hii nini sasa", mwambie "nisomee". Atakusomea, tena kwa sauti ya mtu anayesoma kabisa, kidole kinatembea. Akimaliza muombe ruhusa uandike chini kwa herufi ndogo alichokusomea, weka na tarehe, bandika ukutani pale kaka yake anapopita.